Wakili wa Ngamiani, dalali wa Chongoleani na daftari la fedha haramu

Mwenye ofisi ndogo ya uhasibu au uwakili jijini Tanga akiambiwa anatakiwa kujisajili kwenye Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, swali linalomtoka ni lile lile: "Mimi mwenye meza mbili na karani mmoja, nimekuwa benki tangu lini?" Ni swali la haki, na linastahili jibu zuri kuliko analolipata. Kwa kawaida atatajiwa faini na kifungo, kisha atakabidhiwa mwongozo mnene ulioandikwa kwa kuwafikiria watu wenye idara ya uzingatiaji, kamati ya ukaguzi na bajeti ya mafunzo. Anaupeleka ofisini, anauweka kabatini, kazi zinaendelea.

Kisheria, amekuwemo tangu mwaka 2006. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha, Sura ya 423, ilitungwa mwaka huo na kuanza kutumika Julai 2007, na haikuwataja watu wa benki peke yao. Iliwataja wahasibu, mawakili, madalali wa ardhi na majengo, wafanyabiashara wa vito na madini ya thamani, wenye kasino na wengine, ikawapa wote jina moja: watoa taarifa. Kitengo chenyewe, ambacho wengi wanakijua kwa herufi za FIU, kikaanzishwa kupokea taarifa hizo. Kwa hiyo mwenzetu wa meza mbili hajaongezwa juzi. Alichokosa ni mtu wa kumkumbusha, maana kwa miaka mingi macho yote yalikuwa benki.

Kilichobadilika ni presha kutoka nje. FATF, chombo cha kimataifa kilichoundwa mwaka 1989 kusimamia vita dhidi ya fedha haramu, kiliiweka Tanzania Oktoba 2022 kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zenye kasoro zinazofuatiliwa kwa karibu, na katika mpango kazi tuliopewa mlikuwa na agizo la kusimamia kwa kuzingatia vihatarishi, si taasisi za fedha tu, bali pia biashara na taaluma zisizo za kifedha. Juni 2025 tukatolewa. Watu wakapongezana, na walistahili. Ila tusisahau kwamba haikuwa mara ya kwanza kutoka. Tuliwahi kuwekwa kwenye orodha hiyo mwaka 2010, tukatoka Juni 2014, na miaka minane baadaye tukarudi. Nchi inayotoka kwenye orodha kwa kuhesabu waliosajiliwa inaweza kurudi kwa sababu ya yale ambayo waliosajiliwa hawakuyafanya.

Msimamo wangu ni kwamba ofisi hizi ndogo zinastahili kusajiliwa, tena zote, kwa sababu katika mji kama Tanga fedha chafu ikitaka kutakaswa itapita kwao kabla haijafika benki. Lakini utaratibu tulionao unaichukulia ofisi ya watu wawili kama benki iliyopunguzwa ukubwa, na ndiyo maana unazaa makaratasi mengi na taarifa chache.

Tazama mji wenyewe. Kwa muda mrefu Tanga ilisemwa kuwa mji uliolala tangu bei ya mkonge ianguke. Leo bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani. Bandari imeongezwa kina gatini kutoka mita 3 hadi 13, ili meli kubwa ziache kupakulia mbali na nchi kavu kwa matishari. Ukienda kaskazini unafika Horohoro, ambako msafiri anayevuka na fedha zinazofikia dola 10,000 za Marekani anatakiwa kutoa tamko forodhani. Bonde la Umba linatoa yakuti za rangi nyingi, Handeni na Kilindi kuna dhahabu, na Pemba iko ng'ambo ya maji, yenye sheria yake ya fedha haramu ya mwaka 2009 upande wa Zanzibar. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilicho haramu. Lakini ukikusanya mpaka, bandari, vito na ardhi inayopanda bei mahali pamoja, umepata mji ambao mtu mwenye fedha asiyotaka kuulizwa habari zake atauona unafaa.

Mtu huyo hataanzia benki. Benki kuna kamera, fomu na kijana aliyefundishwa kuuliza. Ataanzia kwa dalali anayejua kiwanja kinachouzwa haraka, kisha kwa wakili atakayeandika mkataba, kisha kwa anayesajili kampuni BRELA, kisha kwa mhasibu atakayetengeneza hesabu za miaka miwili zinazoonyesha duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa likiuza vizuri. Akifika benki baada ya hapo, anafika na hati, kampuni na hesabu zilizopigwa muhuri. Afisa wa benki ataziona karatasi safi, na kila karatasi ina jina la ofisi ndogo ya Ngamiani au Chumbageni juu yake.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili, na ndipo semina nyingi hupita mbio.

Kwanza, si kila kazi ya wakili inamwingiza. Viwango vya FATF vinamgusa wakili anapomsaidia mteja katika mambo matano: kununua na kuuza ardhi au majengo, kusimamia fedha au mali za mteja, kusimamia akaunti zake, kukusanya mitaji ya kuanzisha au kuendesha kampuni, na kuunda au kuendesha kampuni na amana (trust), pamoja na kununua na kuuza biashara. Sheria yetu inafuata njia hiyo hiyo. Wakili anayesimama mahakamani kumtetea mtuhumiwa hageuki mtoa taarifa kwa kazi hiyo, na siri ya mteja na wakili wake inaheshimiwa. Ni jambo zito kiasi kwamba Mahakama ya Juu ya Kanada, mwaka 2015, ilivitangua baadhi ya vifungu vya sheria ya nchi hiyo vilivyowabana mawakili kupita mipaka. Kwa hiyo wakili wa kesi za jinai na talaka anayesema "mimi hayanihusu" huenda anasema kweli, mpaka siku atakapoandika mkataba wa kiwanja. Na nionyeshe wakili wa Tanga asiyeandika mikataba ya viwanja.

Muuza vito naye ana mstari wake. Kwa viwango hivyo vya kimataifa wajibu unamwangukia anapofanya muamala wa fedha taslimu unaofikia dola 15,000 au zaidi. Mchimbaji anayekuja na vijiwe vinne kwenye karatasi ya sigara hayuko hapo. Anayenunua kwa ajili ya kusafirisha nje anaweza kuwa hapo asubuhi moja tu.

Sasa usajili. Unafanyika kwa mfumo wa goAML, programu iliyotengenezwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, na inatumiwa na vitengo vya nchi nyingi. Unachagua kwamba unasajili taasisi, unaandika jina, namba ya usajili, anuani na aina ya biashara, unajaza taarifa za mtu atakayewajibika, unapandisha viambatisho, unasubiri kuidhinishwa. Kwa mtu aliyezoea mifumo ya TRA na BRELA, hakuna cha kutisha. Ila fomu ya kawaida ya goAML ina kisanduku cha namba ya SWIFT, ile ambayo mabenki huitumia kutumiana fedha nje ya nchi. Mhasibu wa Barabara ya Nane akifika hapo anainua kichwa, anamtazama karani, karani naye anamtazama. Kisanduku hicho kinaweza kuachwa wazi, lakini kimeshamwambia kwamba aliyeibuni fomu hakuwa anamfikiria yeye.

Kisha linakuja suala la afisa. Mtoa taarifa anatakiwa kuteua mtu wa ngazi ya uongozi atakayepokea shaka za wafanyakazi, azipime, na kuzipeleka FIU. Benki ina mtu huyo na msaidizi wake. Katika ofisi ya watu wawili, mwenye ofisi anajiandikia barua ya uteuzi, anaisaini kama mkurugenzi, anaikubali kama afisa, anaiweka kwenye faili. Karani akiona jambo la shaka atamripotia bosi, ambaye ndiye aliyemleta mteja. Watu wanacheka wakisimuliwa, lakini ndivyo ilivyo.

Uingereza waliliona hili mapema. Kanuni zao za mwaka 2017 zinamwondolea mtu anayefanya kazi peke yake, asiye na mwajiriwa wala mshirika, mzigo wa kuweka mifumo ya ndani ya namna hiyo. Wajibu wa kumjua mteja na wa kutoa taarifa unabaki palepale. Kinachoondolewa ni igizo la kujiteua. Wahasibu wao wasio wanachama wa bodi yoyote ya taaluma wanasajiliwa na mamlaka ya kodi, HMRC, kwa ada inayolipwa kwa kila ofisi, na kufanya kazi bila usajili ni kosa. Utaratibu huo nao umewachosha: kulikuwa na bodi za taaluma 22 zinazosimamia kila moja kivyake, na Oktoba 2025 serikali yao ilitangaza kwamba usimamizi wa mawakili, wahasibu na waunda kampuni utahamishiwa kwa msimamizi mmoja, FCA, mamlaka yao ya huduma za fedha. Kwa hiyo tusidhani kuna nchi iliyomaliza jambo hili. Lakini kwenye suala la mtu mmoja anayejiteua, wao wametumia akili na sisi tunaweza kufanya hivyo hivyo bila kumwomba mtu ruhusa. FATF yenyewe Februari 2025 ilirekebisha Pendekezo Namba 1 katika viwango vyake ili kuzisukuma nchi ziruhusu hatua nyepesi pale ambapo hatari ni ndogo. Mlango uko wazi. Anayeshikilia kwamba masharti yote lazima yafanane na ya benki hawezi tena kusingizia wazungu.

Kinachoniudhi zaidi ni faili la sera. Kila aliyesajiliwa anatakiwa awe na tathmini ya vihatarishi na sera ya ndani. Kitu chema. Lakini kwa kuwa hakuna mfano uliotengenezwa kwa ofisi ndogo, watu wanachukua ya kampuni kubwa, wanabadilisha jina, wanachapa. Ndiyo utakuta sera ya ofisi ya chumba kimoja inayozungumzia "matawi yetu yote nchini" na "kamati ndogo ya bodi". Mkaguzi akija, faili lipo, kurasa 40, muhuri juu. Akiondoka hajui lolote kuhusu ofisi ile, na mwenye ofisi naye hajajifunza lolote kuhusu wateja wake.

Tathmini ya kweli ya ofisi ya mhasibu wa Tanga ingetosha kwenye karatasi moja. Ingesema: tunaandika vitabu vya maduka, magari ya abiria na nyumba za wageni, biashara zinazopokea fedha taslimu kila siku, na hapo ndipo mauzo ya uongo yanaweza kuingizwa. Ingesema tunawasajilia watu kampuni, na wakati mwingine mwenye hisa kwenye makaratasi ni kijana wa miaka 22 ambaye hajawahi kutoa amri yoyote, huku anayepiga simu ni mjomba wake. Tangu marekebisho ya sheria ya makampuni ya mwaka 2020, BRELA inataka jina la mmiliki manufaa, yaani yule mjomba. Na ofisi ndogo ndiyo inayolijaza. Ingesema ni maswali gani tunauliza na ni kazi gani tunakataa. Karatasi kama hiyo huwezi kuinakili kwa mtu, kwa sababu ya mwenzako wa Muheza itakuwa na mambo ya machungwa na ya Pangani itakuwa na mambo ya hoteli za ufukweni.

Lakini karatasi haiulizi maswali, watu ndio wanaouliza, na hapa Tanga kuuliza kuna gharama yake. Tuseme mzee mmoja anaingia kwa wakili kijana na mfuko wa rambo wenye shilingi milioni 85. Anataka mkataba wa kiwanja kando ya barabara ya Pangani, jina liandikwe la mpwa wake. Wakili anamwamkia shikamoo, anamkaribisha kiti, anaagiza soda, kisha anauliza, kwa adabu, fedha imetoka wapi. Mzee anatabasamu kwanza.

"Mwanangu, mimi na marehemu baba yako tulisoma darasa moja. Kaburi lake nimelitia mchanga kwa mikono hii. Leo unaniuliza hela nimeitoa wapi?"

Hakuna mwongozo uliowahi kuandika jibu la hilo. Afisa wa benki analo jibu rahisi: "Samahani mzee, ni utaratibu wa makao makuu." Wakili wa Ngamiani hana makao makuu. Akikaza, Ijumaa msikitini habari itakuwa imeshafika kwamba mtoto wa fulani amekuwa mtu wa serikali, na wateja watahamia ofisi ya jirani isiyouliza. Mtu akiniambia ofisi ndogo hazitoi taarifa kwa sababu zimeoza, namwambia akae kwenye kiti kile nusu saa.

Hapo ndipo ninapouona usajili kuwa na faida ambayo wanaousimamia hawaitangazi. Ofisi zote za mtaa mmoja zikiwa zimesajiliwa, zikiuliza maswali yale yale matatu kwa fomu ile ile, na cheti kikiwa kimetundikwa ukutani, wakili kijana anapata makao makuu yake. Anamwonyesha mzee ukuta. "Shikamoo tena mzee wangu, si mimi, ni sharti la kazi, hata ukienda kwa mwenzangu hapo ng'ambo utaulizwa." Akiwa peke yake aliyejisajili mtaa mzima, cheti hicho kinamfukuzia wateja. Usajili wa hiari unawaadhibu waaminifu. Ndiyo maana nasema wote au hakuna.

Na mara nyingi jibu la mzee litakuwa zuri kabisa: ameuza shamba Korogwe, ana mkataba wa mauzo na karatasi ya kata. Wakili anachukua nakala, anaiweka kwenye faili, kazi inaendelea. Sheria inataka kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 10, mara mbili ya mitano ya Uingereza, na kwenye ofisi zenye unyevu wa bahari na mchwa, hilo peke yake ni mtihani.

Ikiwa jibu halitoshi, wakili ana saa 24 tangu shaka ilipomwingia kupeleka taarifa ya muamala shuku. Anayetoa taarifa kwa nia njema analindwa na sheria. Na hatakiwi kumdokeza mteja. Kwenye jiji kubwa hilo ni sharti la kawaida. Tanga, ambako wakili, mteja, karani wa mahakama na askari wa upelelezi wanaweza kukutana kwenye harusi moja Jumamosi, ni sharti gumu, na linahitaji FIU ithibitishe kwa vitendo kwamba jina la mtoa taarifa halitembei. Taarifa moja ikivuja, hakuna wakili wa mkoa huu atakayeandika ya pili. Ningependa kuona semina moja inayotumia saa nzima kueleza taarifa inapita kwa nani baada ya kubonyeza kitufe cha kutuma, badala ya kurudia ufafanuzi wa hatua tatu za utakatishaji ambao kila mtu ameshaukariri.

Liko jambo jingine ambalo hulisikii likisemwa waziwazi. Alama ya shaka inayoonekana zaidi kwenye meza za mawakili wetu si ya muuza unga. Ni bei. Kiwanja kimeuzwa milioni 60, mkataba unaandikwa 20, ili kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ipungue. Muuzaji anafurahi, mnunuzi hajali, dalali ndiye aliyeshauri. Makosa ya kodi yamo kwenye orodha ya makosa yanayozaa fedha haramu. FATF iliyaingiza kwenye viwango vyake vya mwaka 2012, na sheria yetu inautaja ukwepaji kodi. Maana yake, ukiisoma sheria kama ilivyo, wakili anayejua bei halisi na kuandika ya uongo hana shaka ya kuripoti. Yeye mwenyewe yumo ndani.

Je, ataripoti kila mkataba wa namna hiyo? Akifanya hivyo ataripoti nusu ya mji, na FIU itapokea mlima wa karatasi ambao hakuna mchambuzi wa kuumaliza. Naona jibu liko mahali pengine. Ofisi iliyosajiliwa ikatae kuandika bei ya uongo, basi. Kukataa hakuhitaji mfumo wa kompyuta wala afisa aliyeteuliwa. Kunahitaji ofisi zote za mtaa zikatae kwa pamoja, na kunarudisha suala kwa vyombo vinavyosimamia nidhamu ya mawakili na kwa bodi ya wahasibu, NBAA, ambavyo ndivyo vyenye kiboko kinachoogopwa kweli: leseni ya kufanya kazi. Pia bei ya uongo ya leo ndiyo inayomfungulia njia mtu mbaya wa kesho. Akija na milioni 60 chafu, anakuta mji ulishazoea kwamba 40 kati ya hizo haziandikwi popote.

Kwa hiyo ningetaka nini kibadilike? Cha kwanza, usajili usisimame peke yake. Mhasibu anahuisha cheti chake kwa bodi, wakili anahuisha leseni ya uwakili kila mwaka, wote wawili wana leseni ya biashara ya halmashauri na TIN. Ni watu walewale, kwenye madaftari manne ya serikali, na sasa daftari la tano linawatafuta kwa matangazo. Ukurasa mmoja wa maswali ungewekwa kwenye kuhuisha huko: mwaka jana umeandika mikataba mingapi ya ardhi, umesajili kampuni ngapi, ngapi zilikuwa za watu ambao hukuwahi kuonana nao uso kwa uso, umeshawahi kukataa kazi na kwa nini. Mwenye kazi za mahakamani tu angejaza sifuri na kuachwa afanye kazi yake. Mwenye kampuni 30 kwa mwaka kutoka ofisi ya chumba kimoja angetembelewa.

Na akitembelewa, mkaguzi asiombe sera. Aombe mafaili matatu ya viwanja ya miezi ya karibuni, ayachague mwenyewe, akae na wakili waelezane: huyu ni nani, fedha ilipitaje, kwa nini hati iko kwa jina la mtu mwingine. Kwa saa mbili atajua zaidi ya atakachojua kwa kurasa 40. Tena mbinu mpya ya FATF ya kupima nchi, ile ya mwaka 2022, imezitenga biashara na taaluma zisizo za kifedha na kuzipa matokeo yao ya kupimwa peke yao. Zamani benki nzuri ziliweza kuwabeba mawakili na madalali kwenye alama moja ya usimamizi. Duru ijayo hazitawabeba. Wakenya, ng'ambo ya Horohoro, waliwaingiza mawakili wao kwenye sheria mwaka 2023 baada ya ubishi wa miaka, na bado Februari 2024 wakawekwa kwenye orodha ya kijivu. Kuwaandika watu kwenye sheria kumbe hakukutosha.

Nimemwacha dalali mwisho kwa sababu ndiye mgumu. Wakili ana chama, mhasibu ana bodi. Dalali wa viwanja Chongoleani ana pikipiki, simu mbili na picha za ramani. Kwa miaka mingi amefanya kazi bila sheria mahsusi ya kumsimamia, na muswada wa sekta ya milki umezungumzwa muda mrefu. Sheria ya fedha haramu inamhesabu kuwa mtoa taarifa sawa na benki. Hana pa kuripoti anapojua, hana leseni ya kunyang'anywa, na wengi wao hawajawahi kuisikia FIU. Mauziano mengi anayoyaleta yanaishia kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne na ile asilimia 10 ya bei ambayo ofisi ya mtaa huidai kwa mazoea, bila wakili wala benki kupita karibu.

Kumpeleka huyu kwenye goAML moja kwa moja ni kujidanganya. Aanzie halmashauri. Jiji la Tanga linajua kutoza ushuru wa meza ya samaki Deep Sea na leseni ya kibanda cha chipsi. Linaweza kutoa kitambulisho cha dalali wa ardhi, kwa ada ndogo, kwa sharti moja kwamba kila mauziano anayoyaunganisha yaandikwe: nani kauza, nani kanunua, kitambulisho cha NIDA, bei, na fedha imelipwa kwa njia gani. Mwenyekiti wa mtaa asigonge muhuri wake kwenye mauziano yasiyo na namba ya dalali au maelezo kwamba hapakuwa na dalali. Daftari hilo halitamkamata mtu siku ya kwanza. Lakini mchambuzi wa FIU akitaka kujua nani kanunua viwanja kumi kando ya bomba kwa fedha taslimu, kwa mara ya kwanza atakuwa na mahali pa kuangalia, na wakili wa Ngamiani hatakuwa peke yake anayeuliza hela imetoka wapi.